Wimbo Usioruka

Muuza magazeti wa pale kona ndiye aliyemrudisha nyumbani. Alikuja naye taratibu, kamshika kiwiko, na alipofika mlangoni akapiga hodi kwa sauti ya mtu anayeleta mzigo wa watu.

"Mama, huyu nimemkuta kwenye mfereji," akasema. "Si ndani, kando. Amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine uko hewani, kama korongo. Nimemsalimia, kimya. Nimempungia gazeti usoni, kimya. Nikasema nisije nikauza magazeti yenye habari zake, heri nimlete."

Mama alikuwa mshona mapazia, na asubuhi hiyo sebule nzima ilikuwa imefunikwa na kitambaa cha kijani cha ofisi fulani. Pini zilikuwa mdomoni. Alizitema kiganjani, akapita juu ya kitambaa bila kukikanyaga, akamtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Viatu vilikuwa vikavu. Koti jeupe la kiwanda cha mikate lilikuwa safi, vifungo vyote vimefungwa.

"Kulikoni, baba?"

Kaka alivua hedifoni akaziacha zining'inie shingoni.

"Wimbo haukuruka," akasema.

Kitinda, dada yake, alikuwa ameinama kwenye kiti cha karibu na mlango, akifunga kamba za viatu tayari kwenda kazini. Aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa nyumba ile, na jina lilimganda hata alipokuwa mtu mzima, fundi wa simu na vidude vidogo vidogo mwenye meza yake dukani. Aliposikia maneno ya kaka yake, vidole vyake viliacha kamba palepale. Alijua ni wimbo gani. Alijua pia kwa nini haukuruka.

Mambo yalikuwa hivi. Kaka tangu ujana wake alikuwa hawezi kelele. Wengine kelele huwapita, yeye zilimwingia kama misumari. Honi moja ya lori ilitosha kumkalisha chini barabarani, mikono masikioni. Kuna kipindi aliacha kabisa kutoka nje, akashinda chumbani mpaka ngozi ikapauka, na Mama akawa anamnyoa nywele mwenyewe kitandani. Kisha mjomba wao akaja kutoka safari na kichezaji kidogo cha muziki, kinachoenea kiganjani, kina vitufe vitano na kioo cha ukubwa wa stempu. Ndani yake mjomba alikuwa ametia nyimbo zake za zamani. Nyingine alizitoa kwenye sahani zilizochubuka, nyingine alizirekodi redioni. Kaka akavaa hedifoni, akatoka mpaka getini. Wiki nyingine akafika kona. Baadaye akafika mbali zaidi, na hatimaye akafika kiwanda cha mikate, akapata kazi ya kufunga mikate kwenye mifuko, kazi anayoifanya mpaka leo bila kuharibu hata mfuko.

Ndani ya nyumba walikiita Kidude, na kila wimbo wa Kidude ulikuwa na kipande chake cha njia. Wimbo wa gitaa ulimtoa getini ukamfikisha duka la dawa. Wimbo wa tarumbeta ulimfunika alipopita mtaa wa mafundi wa kuchomea vyuma. Uliofuata ulitoka kwenye sahani yenye mchubuko: katika ubeti wa pili mwimbaji alikuwa anasema nimekuja, nimeku, halafu ghafla anajikuta katikati ya kiitikio, kama aliyesukumwa mgongoni. Pale wimbo uliporuka, Kaka naye aliruka, na chini yake kulikuwa na mfereji. Kwenye barabara kubwa kulikuwa na wimbo uliorekodiwa redioni, na mtangazaji alikuwa ameropoka juu ya mwanzo wake: "Vuta pumzi, mpenzi msikilizaji, mambo ndiyo kwanza yanaanza." Kaka alivuta pumzi, akatazama huku na huku, akavuka.

Hakuna aliyempangia. Miaka ilipita, miguu na nyimbo vikazoeana. Mama alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mwanangu anatembea na bendi nzima, na hakuna hata mmoja anayeomba chakula."

Kazi ya Kitinda ilikuwa kukichaji. Kila jioni Kaka aliporudi alimwekea Kidude kiganjani bila kusema neno, na asubuhi Kitinda alimrudishia kimejaa. Mtu mwingine hakukigusa. Mama mwenyewe alikifutia vumbi kwa mbali, kwa kupuliza. Na betri ilipoanza kuchoka, Kitinda aliposema atakipeleka dukani akitengeneze, Mama alimwambia akiwa anatunga uzi kwenye sindano, hata hakuinua macho:

"Kibadilishie betri. Ndani usiguse."

"Mama, mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Kule dukani, siku hizo, hakukuwa na mazungumzo mengine ila vichezaji. Bosi alikuwa amenunua magunia ya vichezaji vya zamani vilivyotupwa, akavimwaga mezani kama dagaa, akasema hapo ndipo kesho ilipo.

"Kesho gani hiyo imekufa betri?" akauliza Kasuku, fundi mwenzake Kitinda, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa hata akiwa anatafuna. "Simu ilishameza redio, ikameza kamera, saa, tochi, mpaka kioo cha kujitazamia. Hivi vidude ndivyo ilivyoanza navyo. Bosi, unafufua maiti iliyokwisha kuliwa."

"Watu wamechoka na simu," Bosi akasema. "Ukiisikiliza, nayo inakusikiliza. Unataka wimbo, inakuletea tangazo, inakuletea shemeji anayetaka kukuona, inakuletea ofisi. Kuna watu wanataka kitu kinachoimba halafu kinanyamaza. Tunavitia betri mpya, kadi kubwa, sauti safi. Kitinda, zile nyimbo mbovu mbovu utazifanyaje?"

Kitinda alikuwa na jibu, na alijivunia jibu lake. Alikuwa ameandika programu. Unachomeka kichezaji kwenye kompyuta, programu inasikiliza kila wimbo, inautambua, inatafuta mtandaoni nakala iliyo bora, inafuta ile mbovu na kuweka safi mahali pake, kwa jina lilelile na mpangilio uleule. Mwenyewe haoni tofauti ila masikioni. Bosi alimpigia makofi. Kasuku naye alisema kwamba hiyo, kwa kweli, ni akili.

Kichezaji cha kwanza alichokisafisha kilikuwa cha kaka yake, usiku kikiwa kwenye chaja. Hakumwambia. Alitaka iwe zawadi. Aliwaza jinsi Kaka atakavyotoka asubuhi asikie gitaa bila ule mkwaruzo, tarumbeta zikiwa kama zimepigwa chumbani mwake, na jioni arudi aseme, kwa ule usemi wake mfupi, "Nzuri." Aliketi mbele ya kompyuta akaangalia majina yakigeuka kijani moja baada ya jingine, akajisikia mtu mwema.

Sasa mtu mwema huyo alikuwa ameinama mlangoni na kamba ya kiatu mkononi.

"Haukuruka kivipi?" Mama aliuliza.

"Unaendelea tu," Kaka akasema. "Anasema nimekuja, halafu anasema alikotoka. Hajawahi kusema alikotoka. Na zote zimeoga."

Mama aligeuka. "Kitinda. Uligusa nini?"

Muuza magazeti alikuwa bado mlangoni, anasikiliza. Saa ya kazi ilikuwa imefika. Bosi alikuwa amekwisha kusimulia wateja habari za ile programu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa sababu, na Kitinda alijua hivyo hata wakati mdomo wake unafunguka.

"Betri," akasema. "Nimebadilisha betri. Nyimbo ni zilezile."

Kaka alimtazama, uso umetulia kabisa. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo na kwa hiyo hakujua kuutafuta kwa wengine.

"Zilezile?"

"Zilezile, Kaka."

"Basi ni masikio yangu," akasema, akaenda chumbani kuvua koti.

*

Kitinda alidhani yataisha yenyewe. Atazoea, alijiambia. Mtu anazoea meno ya bandia, sembuse wimbo. Lakini kesho yake Kaka alifika kwenye duka la dawa akarudi, na siku iliyofuata hakupita geti. Jioni ile alimwita Kitinda, akamwekea hedifoni moja sikioni, nyingine akabaki nayo yeye. Walikaa kitandani bega kwa bega kama walivyokuwa wakikaa utotoni. Wimbo ukapigwa. Ubeti wa pili ukaja, mwimbaji akasema amekuja, akasema alikotoka, akaendelea zake laini kama mafuta.

"Hapo," Kaka akasema. "Wewe una masikio mazima. Niambie. Hapo haukuwahi kuruka?"

Ilikuwa rahisi kusema kweli wakati ule kuliko wakati wowote. Walikuwa wawili tu. Hedifoni ilikuwa na joto la sikio lake.

"Haukuwahi," Kitinda akasema.

Kaka alitikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyesahihishwa.

Mama alimpeleka hospitali kwa daktari wa masikio. Walirudi mchana, Mama akiwa na ule utulivu wa uongo ambao watu huuvaa wakitoka hospitali. Daktari amesema masikio ni mazima, hayana hata nta. Kitinda alishusha pumzi. Akadhani hapo sasa ameponyoka.

"Kama si masikio," Kaka akasema akiwa amesimama katikati ya sebule, "basi ni kichwa."

Akaketi karibu na cherehani, akagusa ncha ya pazia.

"Mama, hili ni la kijani?"

"Ni la kijani, baba."

"Nami naliona la kijani," akasema, na hapo akaonekana kupata nafuu kidogo.

Ikawa ndiyo tabia yake mpya. Aliuliza kama maji ni ya moto kabla ya kuyashika. Aliuliza kama mlango umefungwa huku akiutazama umefungwa. Msimamizi wa kiwanda cha mikate alipiga simu, akaongea na Mama kwa upole, akasema yeye anampenda sana kijana wake, hajapata mfungaji kama yule, lakini mikate haimsubiri mtu. Asipoonekana mwanzo wa wiki ijayo itabidi amweke mwingine. Mama akasema amesikia. Akakata simu, akashona pindo zima la pazia upande usio wake, akalifumua, akalishona tena.

Kitinda alianza kukaa kazini bila kula. Wenzake walipotoka mchana yeye alichomeka Kidude kwenye kompyuta akajaribu kuzichimba nyimbo zilizofutwa. Kwa kawaida kitu kilichofutwa huacha mabaki, fundi yeyote anajua. Lakini yeye alikuwa amefuta na kuandika juu yake, kwa ustadi, kwa programu yake mwenyewe iliyofanya kazi vizuri mno. Alipata makombo tu: nusu ya pigo la ngoma, mkwaruzo wa sahani usio na wimbo, na sauti ya mtangazaji ikisema "Vuta pumzi, mpenzi msi" halafu kimya. Alihifadhi kila kombo. Aliyasikiliza mpaka Kasuku akarudi na kumkuta amefumba macho.

"Fundi, unasali?"

"Nasikiliza."

"Mkwaruzo?"

"Mkwaruzo."

Kasuku alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuongeza neno.

Siku ya mwisho ya wiki alikuja muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, bado amevaa viatu vya wodini. Alisikia kwamba duka hili linafufua vichezaji. Alikuwa anatoka zamu na hakutaka kuchukua simu kitandani, maana simu ikiwa kando yake kazi inaweza kumwita. Alitaka kitu cha kumlaza tu. Aliweka kichezaji chake mezani. Bosi akampokea kwa bashasha zote.

"Mama, hiki kitatoka hapa kipya. Fundi wetu huyu atakusafishia nyimbo zote, utadhani bendi imekuja sebuleni kwako."

"Kusafisha ndiyo nini?"

"Mikwaruzo, kelele, vikohozi, vyote vinatoka."

Muuguzi alirudisha mkono wake juu ya kichezaji, taratibu, kama anavyoshika mkono wa mgonjwa.

"Humu kuna wimbo wa kwaya una kikohozi," akasema. "Kikohozi hicho ni cha rafiki yangu. Tuliimba wote. Binti, tafadhali, hicho usikitibu."

Kitinda alichomoa waya wa kompyuta uliokuwa umeelekea kwenye kichezaji kile, akauzungusha, akauweka chini ya meza.

"Nitabadilisha betri," akasema. "Ndani sigusi."

Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, aliomba ruhusa akaondoka kabla ya saa. Bosi alimwita. Hakugeuka.

*

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Mama alikuwa jikoni. Kaka alikuwa kitandani ameegemea ukuta, mto umebanwa masikioni kwa mikono miwili. Nje kuna mtu alikuwa anagonga bati. Kitinda alifunga dirisha, akasubiri mpaka mikono ya kaka yake ikashuka.

"Kaka, masikio yako hayana kitu. Na kichwa chako hakina kitu."

"Daktari alisema masikio. Kichwa hakusema."

"Nasema mimi. Wimbo ulikuwa unaruka. Miaka yote ulikuwa unaruka. Mimi niliufuta, nikaweka mwingine. Zote nilizifuta."

Kaka hakubadilika uso. Alikuwa anayapanga maneno yale, moja moja, kama anavyopanga mikate, na Kitinda aliona ni lini lile la mwisho lilipoingia mahali pake.

"Tulisikiliza wote hapa," Kaka akasema.

"Ndiyo."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema haukuwahi."

"Nilisema."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kitinda alitoa simu yake akabonyeza. Chumbani ikasikika sauti ya mtu wa zamani, mchangamfu, yenye ukungu wa redio: "Vuta pumzi, mpenzi msi." Kaka alivuta pumzi. Haikuwa kwa kutaka, kifua chenyewe kilipanda.

"Huyo," akasema. "Ndiye huyo." Halafu akasema, "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe. Ni mimi."

Kitinda alikuwa amejiandaa kwa machozi, yake au ya kaka yake. Alikuwa amejiandaa hata kusamehewa, na baadaye jambo hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote. Kaka alisimama, akanyoosha shuka pale alipokuwa ameketi.

"Mwite Mama. Useme tena asikie."

Alisema tena, mlangoni pa jikoni, Mama akiwa na kifuniko cha sufuria mkononi na mvuke ukipanda kati yao. Safari hii maneno yalikuwa magumu zaidi, maana yalikuwa na msikilizaji aliyemlea. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akafunika sufuria. Akazima jiko.

"Nilikwambia betri."

"Ulinambia, Mama."

"Nilikaa kwenye benchi la hospitali na mwanangu," Mama akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Nilikuwa namwomba Mungu masikio yake yawe mabovu. Ili kisiwe kichwa. Mama gani huyo anayeomba mwanawe awe kiziwi? Umenifanya niombe hivyo, Kitinda."

Kitinda alitaka kusema samahani. Lilikuwa neno dogo mno, akaliacha. Usiku ule walikula Kidude kikiwa katikati ya meza, hakuna aliyekigusa.

*

Mwanzo wa wiki Kaka alitoka chumbani amevaa koti jeupe, vifungo vyote vimefungwa. Kidude kilikuwa mkononi mwake. Alisimama mbele ya dada yake.

"Twende. Utaruka wewe."

"Mimi?"

"Uliutoa wewe. Utauweka wewe."

Wakatoka, hedifoni moja kwake, nyingine kwa Kitinda, waya ukiwafunga shingo kama mafahali wawili wa jembe moja. Gitaa lilipiga safi. Kaka alitembea kwa tahadhari, anakunja uso kila mahali palipokosa mkwaruzo wake, lakini akatembea. Kwenye mtaa wa mafundi wa vyuma Kitinda alisikia kwa sikio lake la nje kile ambacho kaka yake alikuwa akikikimbia maisha yote. Alikuwa amepita pale kila siku asikisikie. Mlio wa msumeno ulimpanda mpaka kwenye meno.

Mfereji ukaja. Wimbo uliingia ubeti wa pili. Kaka alisimama ukingoni, mguu ukainuka, ukabaki juu.

"Sema," akasema.

Kitinda alitazama kulia na kushoto. Watu walikuwa wanakwenda kazini. Alikohoa. "Nimekuja, nimeku," akaimba, kwa sauti ambayo hata bafuni hakuwahi kuitumia, kisha akaruka palepale katikati ya kiitikio, kwa nguvu, akimzidi mwimbaji aliyekuwa sikioni bado anaeleza alikotoka. Kaka hakusogea.

"Umechelewa. Rudia."

Akarudisha wimbo nyuma. Kitinda akaimba tena. Safari ya pili aliwahi mno. Safari ya tatu muuza magazeti alikuwa amekwisha kuja, magazeti kwapani, kichwa upande.

"Leo mmekuwa korongo wawili," akasema. "Mnazaana?"

"Niache, ndugu yangu, nina kazi," Kitinda akasema, uso unamwaka, akaimba mara ya nne. Akakatika pale pale penye mchubuko. Kaka akaruka. Na kwa sababu waya ulikuwa unawafunga, yeye naye akaruka, kiatu kimoja kikaingia kwenye maji.

Kwenye barabara kubwa ilikuwa mbaya zaidi. Magari yalikuwa mengi na upande wa pili, kati ya watu wanaongoja kuvuka, alimwona Kasuku anakwenda dukani na mkate mdomoni. Wimbo wa redio ulianza bila mtangazaji, uchi. Kaka aliganda. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Lori lilipiga honi, akaanza kukaa chini, na Kitinda alimshika koti.

"Vuta pumzi," akasema.

"Si hivyo," Kaka akasema kwa shida. "Yeye anapaza."

Basi akapaza. Alikaza tumbo, akaitoa sauti ile ya ukungu aliyoisikiliza mchana kutwa mezani pake, na mtaa mzima ukasikia: "Vuta pumzi, mpenzi msikilizaji, mambo ndiyo kwanza yanaanza." Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akageuka. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani. Kifua cha Kaka kilipanda, kikashuka. Akatazama huku, akatazama huku, akavuka, na dada yake akivutwa na waya nyuma yake.

"Fundi," Kasuku akasema walipopishana katikati ya barabara, "umehamia redioni?"

Hakumjibu. Alikuwa anatazama kisogo cha kaka yake.

Msimamizi alikuwa getini pa kiwanda. Alitazama saa, akamtazama Kaka, akatazama na yule mwanamke mwenye kiatu kimoja kilicholowa.

"Umechelewa," akasema, ingawa alikuwa anatabasamu.

"Mtangazaji wangu mbaya," Kaka akasema, akachomoa hedifoni sikioni mwa dada yake, akaingia ndani. Kabla ya mlango kufunga aligeuka nusu. "Na kesho," akasema.

Dukani Kitinda alimwambia Bosi kwamba kuanzia siku hiyo hasafishi kichezaji cha mtu mpaka ameketi na mwenyewe wakasikiliza wote, wimbo kwa wimbo. Bosi alishika kiuno. Alisema wateja wanataka usafi.

"Wengine wanataka uchafu wao."

"Na hayo magunia? Kwa mwendo huo, hiyo kesho ninayoisema itafika lini?"

"Acha ichelewe," Kitinda akasema, akavuta stuli kwenye meza yake. Alitumia mchana wake wote kukata wimbo mmoja kwa programu nyingine, akitafuta pahali pa mchubuko kwa masikio na kuupachika ule mkwaruzo wa makombo. Alipousikiliza ulikuwa unaruka. Lakini uliruka kama mtu aliyeambiwa aruke. Akaufuta, akaanza upya.

Jioni, baada ya Kitinda kumpitia kiwandani na kumwimbia tena njiani, Kaka aliingia na harufu yake ya mkate, akavua koti, akalitundika. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha karibu na soketi, waya wa chaja umekwisha kuchomekwa ukutani. Alinyoosha kiganja kama alivyokinyoosha jioni zote tangu akiwa na sare ya shule.

Kaka alikitazama kile kiganja. Kidude kilikuwa mkononi mwake mwenyewe, vidole vimekizunguka.

"Nipe waya," akasema.

"Nitakichaji, Kaka. Sifanyi kitu kingine."

"Najua." Alisema bila hasira, kama anavyosema mvua inanyesha. "Nipe waya tu. Nitachaji mwenyewe."

Kwenye cherehani Mama aliacha kukanyaga. Kitinda alichomoa chaja ukutani, akaukunja waya vizuri, akaufunga fundo dogo lisilobana ili usikatike ndani, akampa. Kaka aliupokea akaingia chumbani. Walimsikia akisogeza kitanda kutafuta soketi, akisukuma, akipumzika, akisukuma tena. Kitinda hakwenda kumsaidia. Alibaki pale kitini, kiganja bado kiko wazi gotini, mpaka Mama alipoanza tena kushona.